Gitaa la Guitar Hero limetoka kabatini lakini mambo hayaendi: dalili, chanzo na dawa

Guitar Hero, gemu ya video ambayo unapiga noti za wimbo zinazopita kwenye skrini, ilitoka kwa mara ya kwanza Novemba 2005 kwa ajili ya PlayStation 2 (PS2), ikiwa na gitaa la plastiki lenye vitufe vitano shingoni: kijani, nyekundu, njano, bluu na rangi ya chungwa. Mwaka 2007 ikaja Guitar Hero III, na mwaka huohuo Rock Band, gemu nyingine ya aina hiyo. Februari 2011 Activision, kampuni inayotoa Guitar Hero, wakatangaza kusimamisha mfululizo wao, na magitaa yakapandishwa juu ya makabati. Sasa watu wanayashusha. Wapo walioachiwa na ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo, wapo walioyaokota kwenye vifaa vya mitumba, na wapo waliotunza la kwao tangu wakiwa shuleni. Karibu wote wanakuja na malalamiko yaleyale.

Lalamiko linaloongoza ni hili: "Nimezeeka, vidole havifuati tena." Mara nyingi si vidole. Kilichobadilika ni TV. Zamani ulicheza kwenye TV ya kichogo, ambapo picha ilifika kiooni papo hapo. Leo unacheza kwenye TV bapa inayoipika picha kwanza ndipo ikuoneshe, na sauti inapitia sabufa ya Bluetooth. Gemu ya muziki haivumilii hata robo ya jambo hilo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vifaa na kumalizia na mchezaji.

Hatua moja kabla ya zote: litenge gitaa na mashine. Kwa PS2 ni rahisi, kwa sababu Guitar Hero za PS2 zinakubali kuchezwa kwa pedi ya kawaida. Chomeka pedi, cheza wimbo mwepesi. Tatizo likibaki, gitaa usiliguse, anzia sehemu ya TV au ya diski. Likiondoka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu za gitaa. Kwa gitaa lenye waya wa USB, kama X-Plorer ya Xbox 360, lichomeke kwenye kompyuta ya Windows, fungua joy.cpl, ubonyeze kitufe kimojakimoja ukiangalia taa zinazowaka kwenye skrini. Dakika chache za kazi hiyo zinaokoa jioni nzima ya kubahatisha.

Dalili: napiga kwa wakati lakini gemu inasema nimekosa

Visababishi, kuanzia kile kinachojitokeza zaidi:

1. TV inachelewesha picha.
2. Sauti inapitia Bluetooth au spika nyingine inayochelewa.
3. Kigeuzi cha bei nafuu cha kutoka AV kwenda HDMI.
4. Upimaji wa uchelewaji ndani ya gemu haujafanywa, au ulifanywa kwa TV nyingine.
5. Upau wa kupigia wa gitaa, ule unaougonga juu na chini badala ya nyuzi, umechoka (tazama sehemu yake hapa chini).

Anza na majaribio mawili yasiyogharimu kitu. Zima sauti kabisa, cheza wimbo mwepesi kwa macho tu. Ukikosa sana, picha inachelewa. Kisha rudisha sauti, geuza uso pembeni, upige sehemu unayoijua kwa moyo ukifuata sikio tu. Ukikosa sana hapa, sauti ndiyo inayochelewa. Watu wengi hugundua kwamba vyote viwili vinachelewa, tena kwa viwango tofauti, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuseme TV yako inachelewesha picha kwa milisekunde 80 na spika ya Bluetooth inachelewesha sauti kwa 200. Tofauti ni milisekunde 120. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Maana yake unachokiona na unachokisikia vinapishana kwa karibu robo pigo nzima. Mkono utafuata kipi? Mara ufuate jicho, mara ufuate sikio, na alama zinaanguka bila mpangilio unaoeleweka. Wimbo ukiwa wa kasi ya mapigo 200, robo ya pigo ni milisekunde 75 tu. Hapo hata mchezaji hodari hana la kufanya.

Guitar Hero II na III zina namba moja tu ya kurekebisha uchelewaji. Namba moja haiwezi kutibu picha na sauti zilizochelewa kwa viwango viwili. Rock Band inapima kila kimoja peke yake, ndiyo maana mtu anaweza kucheza Rock Band vizuri kwenye TV ileile inayomshinda kwa Guitar Hero III. Kwa hiyo usikimbilie namba. Punguza uchelewaji kwanza, upime mwishoni:

- Kwenye menyu ya picha ya TV, chagua hali ya gemu, kwa kawaida imeandikwa Game. Kama haipo, kwenye TV nyingi kubadilisha jina la mlango wa HDMI kuwa PC husaidia.
- Zima vikorombwezo vyote vya kulainisha mwendo, kupunguza chenga na kunoa picha. Kila kimoja kinataka muda wake.
- Achana na Bluetooth. Chomeka sabufa kwa waya. Kwa PS2, waya za AV nyekundu na nyeupe zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye sabufa, na ile ya njano peke yake ikaenda kwenye TV. Hii ni dawa ya bei ndogo yenye faida kubwa, na ningeijaribu kabla ya kununua chochote.
- Ondoa kigeuzi cha HDMI kama TV yako bado ina matundu ya AV. Kama haina, azima kigeuzi kingine ulinganishe.

Ukishamaliza, ingia kwenye mipangilio ya gemu, tafuta Calibrate Lag, upime mara kadhaa. Tupa jibu lililo mbali na mengine, chukua la katikati. Kila ukibadilisha TV, mlango au spika, pima upya.

Kama unaweza kupata TV ya kichogo inayofanya kazi, ichukue. Hakuna kifaa kinachoirudisha Guitar Hero ya PS2 katika hali yake ya mwaka 2005 vizuri kuliko hiyo. Diski ya Marekani ikionesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda juu bila kutulia, TV hiyo haipokei mfumo wa picha wa Marekani, NTSC. Tafuta nyingine inayopokea PAL na NTSC.

Simama hapa: TV ya kichogo usiifungue kamwe. Bomba lake la picha hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ikileta picha iliyofinywa, ikinuka au ikitoa cheche, ni kazi ya fundi wa TV.

Dalili: vitufe vya shingoni havisomi, vyote au kimojawapo

Swali la kwanza: ni vyote vitano au ni kimoja? Jibu lako linaamua njia.

Vikikatika vyote kwa pamoja, halafu vikarudi ukiitikisa shingo, basi chanzo ni kiungo cha shingo. Gitaa la Les Paul lililokuja na Guitar Hero III lina shingo inayochomoka ili liingie kwenye sanduku. Kwenye kiwiliwili kuna pini ndogo zenye springi, na kwenye kisigino cha shingo kuna vipande bapa vya chuma vinavyokutana nazo. Hakuna waya unaounganisha pande hizo. Ni mgusano mtupu. Vumbi, jasho na hewa ya chumvi ya pwani vikikaa hapo miaka kumi, ule mng'aro wa chuma hugeuka kahawia yenye ukungu. Ukiangalia kwa tochi utauona waziwazi, na mara nyingi pini moja imezama chini kuliko wenzake.

Fuata mpangilio huu:

Toa betri. Fungua kufuli ya nyuma, vuta shingo itoke. Chukua pamba ya masikioni na spiriti ya kusafishia, ile ya asilimia 90 au zaidi, usugue vile vipande na pini mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie pafyumu wala thina. Pafyumu huacha mafuta, na thina hula plastiki. Acha ikauke kabisa. Bonyeza kila pini kwa ncha ya mti laini uone kama inarudi juu. Iliyozama, itikise taratibu mpaka springi iachie. Rudisha shingo mpaka isikike imeingia, kisha funga kufuli.

Kama shingo inacheza hata baada ya kufungwa, kunja kipande chembamba cha karatasi ngumu ukipachike upande unaolegea ili kiisukume shingo kwenye pini. Inaonekana ni kazi ya kubahatisha, lakini magitaa mengi yamedumu hivyo miaka. Dawa ya kudumu ni kuunganisha pande mbili kwa waya kwa kuchomea risasi, ukikubali kwamba shingo haitachomoka tena. Kama hujawahi kushika chuma cha kuchomea, mpelekee fundi redio. Kwake ni kazi ndogo, ila umweleze kwamba plastiki ya karibu inayeyuka haraka.

Kikifa kimoja tu, mara nyingi cha kijani au chekundu kwa sababu ndivyo vinavyobonyezwa zaidi, kiungo hakihusiki. Ndani ya shingo, chini ya kitufe, kuna mpira wenye doa jeusi la kaboni linalogusa bodi. Ni teknolojia ileile ya rimoti. Fungua shingo kwa bisibisi, futa doa na bodi kwa spiriti kidogo bila kukandamiza, kwa sababu kaboni ikifutika hairudi. Piga picha kila hatua kabla ya kuchomoa chochote.

Gitaa la SG lililokuja na matoleo mawili ya mwanzo ya PS2 halina tatizo la kiungo kwa sababu ni mwili mmoja wenye waya. Kwake, kagua kwanza waya pale unapoingia kiwiliwilini. Ukiukunja hapo na vitufe vikakatika, waya umevunjika ndani.

Gitaa la World Tour la 2008 lina ugonjwa wake: utepe wa kugusa chini ya vitufe. Ukichoka au ukiwa na unyevu, hubonyeza noti ambazo hukuzigusa. Ufute kwa kitambaa kikavu, ubadilishe betri, ujaribu tena kabla ya kuamua kwamba umekufa.

Dalili: napiga mara moja, gemu inahesabu mara mbili, au upande mmoja wa upau hausomi

Chini ya upau wa kupigia wa Les Paul kuna swichi mbili ndogo, moja ya kwenda juu na moja ya kwenda chini. Ndizo zinazotoa ule mlio wa "tik". Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaoruka. Ukichoka, hugonga mara mbili kwa mpigo mmoja, na gemu inakukatia mfululizo wako kwa kosa ambalo hukufanya.

Kabla ya kufungua, badilisha betri, kwa sababu betri dhaifu huleta dalili inayofanana sana na hii. Kisha piga chini mara ishirini taratibu huku ukihesabu, halafu juu vivyo hivyo. Kosa likiwa upande mmoja tu, ni swichi ya upande huo. Likiwa pande zote, angalia kama upau wenyewe umelegea au springi zake zimetoka mahali.

Dawa ya muda: toa betri, fungua kiwiliwili, tia tone la dawa ya kusafishia mgusano wa umeme kwenye swichi, ubonyeze mara nyingi, uache ikauke. Mafuta ya cherehani au ya baiskeli yasiingie humo. Dawa ya kudumu ni kubadilisha swichi. Ni swichi za kawaida zinazotumika kwenye vifaa vingi, kwa hiyo beba ile mbovu kwa muuza vipuri ulinganishe umbo na urefu wa ulimi. Zina miguu ya kuchomea risasi.

Ukiwa na gitaa la kwanza la Rock Band, lile la umbo la Stratocaster, usihangaike kutafuta mlio. Upau wake uliundwa ukiwa kimya, na waliozoea Les Paul hudhani umekufa.

Dalili: Star Power haiwaki nikiinua gitaa, au inawaka yenyewe

Star Power ni nguvu ya ziada ya kuzidisha alama, na kwa kawaida huwashwa kwa kuinua shingo ya gitaa. Bonyeza Select kwenye PS2, au Back kwenye Xbox 360. Kitufe hicho huwasha Star Power bila kuinua gitaa. Ikiwaka, gemu iko salama, na chenye hitilafu ni kihisi cha mwinamo. Cheza kwa kitufe na maisha yaendelee. Binafsi sioni sababu ya kufungua gitaa zima kwa ajili ya kihisi hicho. Ikijiwasha yenyewe bila kuguswa, mkao wako unaweza kuwa chanzo: fupisha mkanda ili shingo ilale zaidi, maana wengi wamerefuka tangu walipourekebisha mara ya mwisho.

Noti ndefu zikitetemeka bila kugusa mkono wa kutetemesha sauti, springi ya mkono huo haiurudishi mahali pake, au kontroli yake, ya aina ileile inayoongeza sauti kwenye redio za zamani, imeingia vumbi. Dawa ya kusafishia mgusano na kuuzungusha mara nyingi kwa kawaida hutosha.

Dalili: gitaa lisilo na waya halishiki

Hapa kuna jambo la kujua kabla ya kununua gitaa la mkononi kwa mtu. Gitaa la PS3 bila kipokezi chake cha USB ni pambo la ukutani. La PS2 lisilo na waya nalo lina kipokezi chake kinachoingia kwenye tundu la pedi. La Xbox 360 halihitaji kipokezi kwenye mashine yake, ila kwenye kompyuta linahitaji. La Wii halina redio kabisa: rimoti ya Wii inalala mgongoni mwake na kuunganishwa kwa plagi fupi. Kwa hiyo muulize muuzaji "kipokezi kipo?" kabla ya kuuliza bei.

Kama vyote vipo, kagua hivi kwa mpangilio: betri mpya, vibati vya betri, kuoanisha upya kwa kubonyeza kitufe cha kipokezi au cha mashine na kile cha gitaa, kukisogeza kipokezi mbali na ruta ya Wi-Fi na milango ya USB 3. Kwa Wii, chomoa rimoti, uangalie plagi imeingia mpaka mwisho, uirudishe.

Betri zilizosahaulika ndani ndizo zinazoua magitaa mengi zaidi. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, vaa glavu na usipeleke mkono machoni. Kwa betri za alkali, tone la siki au ndimu kwenye pamba hulainisha unga huo. Futa, kisha pitisha spiriti, uache ikauke usiku kucha. Kibati kilicholiwa mpaka kikakatika hakisafishiki, hubadilishwa.

Dalili: diski haisomi, au wimbo unakwama katikati

Kwenye PS2, chanzo cha kwanza ni uchafu wa diski, cha pili vumbi kwenye lenzi, cha tatu lenzi iliyochoka. Diski za kunakili, ambazo zilijaa mitaani kwetu, ni ngumu zaidi kwa lenzi kongwe, kwa hiyo diski halisi ikisoma na ya kunakili ikagoma, usiilaumu mashine mapema.

Osha diski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uifute kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha. Kisha jaribu diski ya muziki wa kawaida. PS2 hutumia mwali mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD, na Guitar Hero ziko kwenye DVD. CD ikisoma na DVD zote zikagoma, mwali wa DVD umedhoofika. Kusafisha lenzi kunaweza kusaidia, lakini usitarajie miujiza.

Kwa lenzi: chomoa umeme, fungua, gusa kioo kwa pamba yenye spiriti bila kukandamiza, pitisha pamba kavu. Usiwashe mashine ikiwa wazi na macho yako juu ya lenzi, kwa kuwa mwali wa CD karibu hauonekani kwa jicho.

Simama hapa: ukiona diski imetoka na mikwaruzo mipya ya duara, usiweke nyingine. Kwenye PS2 nyembamba, mkanda bapa wa lenzi unaweza kuinuka na kukwaruza kila diski inayoingia. Kwenye Xbox 360, kuisogeza mashine diski ikizunguka kunatosha kuchora duara hilo. Mkanda huo ni mwembamba na hupasuka, hivyo mwachie fundi aliyewahi kuushika.

Dalili: mashine haiwaki, au imewaka ikazima na kunuka

Soma kibandiko cha umeme kabla ya kuchomeka mashine yoyote iliyotoka nje. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Marekani ni 120, Japani 100. PS2 nene ya Marekani au Japani imeandikwa volti za kwao, na ukiichomeka ukutani hapa bila transfoma ya kushusha umeme, utaiunguza. Kibandiko kikisema 100–240, chomeka.

Kwa iliyokuwa ikifanya kazi hapahapa: jaribu soketi nyingine, waya mwingine, na swichi ya nyuma ya PS2 nene, ambayo wengi huisahau. Xbox 360 ikionesha taa tatu nyekundu, ni hitilafu ya ndani, ileile iliyowafanya Microsoft mwaka 2007 waongeze dhamana kufikia miaka mitatu.

Simama hapa: harufu ya kuungua, moshi, mlio wa kukaanga au fyuzi inayokatika kila ukiwasha. Chomoa, usijaribu tena "mara ya mwisho". Ndani ya PS2 nene na ndani ya kifaa cha umeme cha Xbox kuna kapasita zinazoshika umeme wa ukutani hata baada ya kuchomoa. Ni kazi ya fundi mwenye mita.

Dalili: nyimbo zangu hazipo

Za diski ziko palepale. Kama umepoteza zile ulizozifungua kwa kucheza, kumbukumbu iko kwenye memori kadi au wasifu mwingine. Safisha meno ya kadi, jaribu tundu la pili. Kumbuka pia kwamba toleo la Ulaya na la Marekani hayasomeani kumbukumbu.

Zilizonunuliwa mtandaoni ni habari nyingine. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 29, 2024, ingawa ulichokwisha kununua kiliendelea kupakulika. Guitar Hero Live, toleo la baadaye, ndiyo iliyoumia kuliko zote: huduma yake ya nyimbo za mtandaoni ilizimwa Desemba 1, 2018, na kati ya nyimbo 484 zikabaki 42 za kwenye diski. Hakuna fundi wa hilo. Mimi huwashauri watu wanaorudi waanze na matoleo ya PS2, kwa kuwa kila wimbo uko kwenye diski waliyoishika mkononi.

Waliobaki na gitaa bila mashine wana Clone Hero, gemu ya bure ya kompyuta inayokubali magitaa haya mengi, na inayoruhusu kurekebisha uchelewaji kwa makini zaidi.

Dalili: Guitar Hero III ya Wii inatoa sauti bapa, kushoto na kulia ni kilekile

Sabufa ni nzima. Diski za kwanza za toleo la Wii zilitoka zikiwa na sauti ya mono, na Activision walikubali kosa hilo na kutoa diski za kubadilishia. Ukiwa na diski ya awali, hakuna mpangilio wa TV utakaoirekebisha.

Dalili: vifaa vyote vizima, bado nashindwa

Sasa ndipo tuje kwa mchezaji. Kisababishi cha kwanza ni kubadili toleo. Guitar Hero ya kwanza ni kali sana kwenye noti za kuunganisha bila kupiga upau. Toleo la pili lililegeza, la tatu likalegeza zaidi. Aliyekulia kwenye la tatu akirudi la kwanza ataona kama gitaa limekufa. Kwenye la kwanza, piga kila noti kwa upau mpaka uzoee.

Cha pili ni kurudi moja kwa moja Expert, ngazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ndipo ulipoachia. Shuka Hard, ngazi iliyo chini yake, kwa siku kadhaa. Guitar Hero II ndiyo iliyoleta chumba cha mazoezi, ambapo unachagua kipande cha wimbo na kukipunguza kasi. Chukua kipande kinachokushinda, kicheze kwa kasi ya chini kabisa mpaka usikose, ndipo upande ngazi. Kama noti zinaonekana zimejazana, tafuta hyperspeed: inazisogeza haraka zaidi ili ziachane, bila kugusa kasi ya wimbo. Macho ya wengi husoma vizuri zaidi hivyo, ingawa siku ya kwanza inatisha.

Cha tatu ni mkono. Kifundo kilichokunjwa chini ya shingo huchoka upesi. Kaa wima au simama, mkanda uwe mfupi, kidole gumba kikae nyuma ya shingo bila kubana. Pumzika kila baada ya nyimbo chache.

Simama hapa: ganzi au mchonyoto kwenye vidole unaobaki baada ya kuweka gitaa chini, maumivu yanayokuamsha usiku, au kifundo kilichovimba. Acha kucheza kabisa mpaka umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na umweleze wazi ni mkono upi unashika shingo na upi unapiga upau.